Mhariri, leza haikamati ayoni, umeme ndo unakamata

Mhariri salaam,

Kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi mambo. Naandika kutoka huku Mtwara na niseme ukweli, ile stori yenu ya leza na atomu sikuinunua, ilinifikia ikiwa imefungia vitumbua. Mama anayetuuzia chai hapa ghalani huwa anachana magazeti ya zamani, sasa nimemaliza kitumbua cha pili nafuta mafuta vidoleni naona neno leza, nikasema ngoja nisome, nikasoma, nikarudia, chai ikapoa nimeishika mkononi.

Aya nne tu mliandika. Mkasema wanasayansi huko ng'ambo wanakamata atomu kwa mwanga wa leza wenye joto kali, mkaweka na picha ya kile kitochi chekundu ambacho watoto wananunua gulioni wanamulikiana machoni. Jamani. Katika hizo aya nne kuna makosa matatu na nadhani la nne ni picha.

Mi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi, huu msimu wa tatu. Shahada ninayo, ya ualimu, fizikia na hesabu, ajira ndo hiyo mnayoijua. Kwa hiyo habari yenu imenigusa kotekote, kwenye fizikia na kwenye kupima, manake hii kazi imenifundisha kitu kimoja ambacho chuo walikisema haraka haraka tukaenda kula, kwamba kitu kinachocheza hakipimiki. Msimu uliopita mzee mmoja kaleta korosho zake, vijana wamelibwaga gunia juu ya mzani, namba zinaruka 81, 78, 83, nyuma foleni, jua kali, mi nikaandika 79 nikaita mwingine. Mzee hakuondoka. Akaweka kiganja juu ya gunia, taratibu, kama unavyombembeleza mtoto, akaniambia mjukuu wangu unaandika wakati linacheza. Akatoa mkono. Mzani ukasoma 80.4. Kilo moja na nusu kasoro kidogo, hela ya mboga hiyo, nilifuta nikaandika upya na sikumwangalia usoni.

Sasa mhariri, ule mkono wa mzee ndo leza. Gunia ndo ayoni. Na mzani ni leza tena, hapo ndo utamu ulipo na nyie mkauruka.

Kwanza tuanze na kukamata. Wanachokamata si atomu hivi hivi, ni ayoni, yaani atomu iliyonyang'anywa elektroni moja ikabaki na chaji. Tofauti hii si ya kupita nayo, kwa sababu ile chaji ndo mpini wa kuishikia. Wanapasha kipande cha kalsiamu kwenye katanuri kadogo, ileile kalsiamu ya kwenye dagaa na mifupa, atomu zinaruka, wanazinyang'anya elektroni, alafu umeme unazidaka ndani ya chombo kilichonyonywa hewa mpaka karibu hamna kitu. Umeme, mhariri. Leza hapo bado haijaanza kazi yake kubwa.

Ila umeme wenyewe una kisirani. Ukiuweka umetulia tu haukamati, Mwingereza mmoja anaitwa Samuel Earnshaw alishathibitisha tangu 1842 kwamba ukiibana chaji mbele na nyuma kwa umeme uliotulia, itakuponyoka kushoto au kulia, hakuna namna. Mjerumani Wolfgang Paul kule Bonn miaka ya 1950 akapata dawa yake, akageuza umeme haraka haraka kuliko ayoni inavyoweza kutoroka, na mwaka 1989 akapata Nobel, akagawana na Hans Dehmelt na Norman Ramsey.

Hii niliwahi kuionyesha kwa macho. Nilikuwa najitolea kufundisha sekondari moja huku, maabara yenyewe ni kabati moja lenye kufuli na ufunguo wake haujulikani nani anao. Nikachukua kifuniko cha ndoo ya plastiki nikakilainisha kwa maji ya moto nikakikunja kama tandiko la punda, mbele na nyuma kumeinuka, ubavuni kumeshuka. Ukiweka gololi katikati inateleza kwenye ubavu, kila mtu anaona. Alafu nikalaza baiskeli, nikafunga kile kifuniko juu ya gurudumu la nyuma, kijana mmoja akashika pedeli anazungusha kwa mkono. Polepole, gololi imeanguka. Kakaza kidogo, imeanguka. Kakaza kwelikweli na gololi ikabaki pale katikati inatetemeka, haiendi popote, kwa sababu kila ikitaka kushuka ule mteremko umeshageuka mlima! Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja na fimbo. Baada ya sekunde chache ikachomoka ikapasua kioo cha dirisha na kioo nililipa mimi, lakini wale watoto mpaka leo wakiniona mjini wananiita Mwalimu Gololi. Na nisijisifu, sio akili yangu, Paul mwenyewe alieleza mtego wake kwa tandiko na mpira wa chuma namna hiyohiyo alipotoa hotuba ya Nobel. Tofauti ni kwamba tandiko la umeme halizunguki kama baiskeli, linapindukapinduka, bonde linakuwa mlima na mlima unakuwa bonde, na umeme wa nyumbani kwako unafanya hivyo mara 50 kwa sekunde, wa kwenye mtego ni makumi ya mamilioni.

Haya, imekamatwa. Lakini inacheza, kama lile gunia. Kalsiamu ikitoka kwenye joto la kawaida tu la chumba inakimbia kama mita 250 kwa sekunde ukipima mwelekeo mmoja tu, huwezi kuisoma chochote. Hapo ndo leza inaingia, na inaingia KUPOZA. Hilo joto kali lenu sijui mlilitoa wapi mhariri, labda mwandishi wenu aliona sinema.

Inapozaje, ndo swali ambalo wale watoto waliniuliza na nikawajibu kwa bahari. Mvuvi wa Msangamkuu akielekeza ngalawa yake kinyume na mawimbi yanampiga haraka haraka, akigeuza akaenda nayo yanamfikia kwa kuchelewa, na bahari ni ileile. Mwanga nao ni mawimbi. Sasa ayoni ina ulaji wake, inakubali mwanga wa mapigo fulani tu, yaani mawimbi kadhaa kwa sekunde, kalsiamu inakubali ule ambao wimbi lake lina urefu wa nanomita 397 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zambarau ya mwisho mwisho kabla jicho halijashindwa kuona. Ujanja ni kuiwekea leza yenye mapigo machache kidogo kuliko inavyotaka. Ayoni ikiwa imetulia au inakwenda upande mmoja na mwanga, mapigo hayafiki, inakataa. Ikija kuikabili leza ndo mawimbi yanaipiga haraka zaidi, mapigo yanakuwa sawa na inavyotaka, inameza. Na kila ikimeza fotoni moja, yaani punje moja ya mwanga, inasukumwa nyuma. Ikija kuutema ule mwanga inautema ovyo, mara kulia mara kushoto, misukumo ya kutema inafutana yenyewe, inayobaki ni ya kurudishwa nyuma tu.

Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mapokezi (tafadhali wasije kuniuliza mambo ya daftari). Fotoni moja inaipunguzia kalsiamu mwendo kama sentimita 2.5 kwa sekunde. Kutoka mita 250 hiyo ni vibao kama elfu kumi. Inaonekana vingi ila ayoni moja inaweza kumeza na kutema fotoni makumi ya mamilioni kwa sekunde, kwa hiyo sio kazi. Mwisho wake inabaki haifiki hata sehemu moja ya elfu ya digrii juu ya baridi ya mwisho kabisa duniani na mbinguni, ile ya nyuzi 273 na ushee chini ya sifuri. Joto kali!

Na hii imeanza zamani, mnaandika kama vile imegunduliwa juzi. Mwaka 1975 walitoa wazo watu wawili wawili bila kutegemeana, Hänsch na Schawlow kwa atomu zisizo na chaji, Wineland na Dehmelt kwa ayoni. 1978 ikafanyika kweli, Boulder kule Marekani kwa magnesiamu na Heidelberg Ujerumani kwa bariamu, mwaka mmoja. 1980 hao wa Heidelberg wakapiga picha ya ayoni moja peke yake. Moja! Mi 1980 sijazaliwa.

Sasa nifike kwenye kupima maana ndo kazi yangu.

Ayoni ikishapoa namna hiyo bado inabembea mle kwenye mtego, tuseme mara milioni moja kwa sekunde, na kubembea kwenyewe hakushuki kama maji yanavyopungua kwenye ndoo, kunashuka ngazi kwa ngazi. Ngazi ya kumi, ya tisa, ya nane. Chini kabisa kuna sakafu ambayo huwezi kushuka zaidi. Wanafizikia wanachukua leza nyingine, kwa kalsiamu ni ile nyekundu ya nanomita 729, mwanga wake unapiga mara trilioni 411 kwa sekunde, alafu wanaipunguza au wanaiongeza kwa milioni moja tu, sawasawa na ile bembea. Ni kama una shilingi milioni 411 unabishana na mtu juu ya shilingi moja, na unashinda. Ukipunguza, ayoni ikimeza inashuka ngazi moja. Ukiongeza, ikimeza inapanda moja. Wenyewe ile ya kupunguza wanaiita ya upande mwekundu na ya kuongeza ya upande wa bluu, usije ukadhani ni rangi kweli, kwa jicho zote ni nyekundu ileile.

Unaona ilivyo? Leza ileile inashusha na inapima. Unaipiga kwa mwekundu, inashuka, unapiga tena, inashuka, na unajuaje imefika sakafuni? Ukipiga haijibu. Haina ngazi ya kushuka, kwa hiyo haimezi. Unabisha hodi upande wa bluu unajibiwa, unabisha hodi upande mwekundu kimya, ndo unajua huyu kalala. Na unaweza kuhesabu kabisa, mwekundu ukijibu nusu ya vile bluu inavyojibu basi kwa wastani ayoni iko ngazi ya kwanza, ukijibu sehemu moja ya kumi basi wastani ni moja ya tisa ya ngazi, yaani karibu muda wote iko sakafuni. Hesabu ya kidato cha pili hiyo. Boulder walifika huko 1989 na ayoni ya zebaki, asilimia 95 ya muda ilikuwa sakafuni.

Utauliza jibu lenyewe wanalionaje, kwa sababu ayoni haina mdomo. Wanairudishia ule mwanga wa zambarau. Kama haikumeza ule wa 729, inawaka. Kama ilimeza, imejificha kwenye hali nyingine, giza. Inawaka, giza, inawaka, wanarudia mara mia kadhaa wanahesabu. Hakuna kubahatisha katikati, hakuna 81, 78, 83. Kwa kweli mi nikiwaza mzani wa namna hiyo na vurugu ninazoziona hapa kila msimu natamani kulia.

Na faida yake ni saa. Sio ya mkononi. Kuna saa ya ayoni ya alumini pale Boulder, walitangaza 2019 kwamba ingehitaji kama miaka bilioni 33 ndo ikosee sekunde moja, na ulimwengu wote umri wake ni bilioni 13.8. Tatizo la alumini ni kwamba haisomeki kirahisi kwa leza, mwanga inaotaka ni mgumu kutengeneza. Wakafanya kama tunavyofanya huku kwetu, mwali haongei anaongea kungwi wake. Alumini inawekewa ayoni nyingine pembeni, beriliamu au magnesiamu, zote mbili zina chaji zinasukumana, kwa hiyo mmoja akitikisika na mwenzie anatikisika. Alumini inaulizwa swali, jibu lake linageuzwa kuwa mtikisiko, mtikisiko unafika kwa kungwi, kungwi anawaka au anazima mbele ya watu. Bila kuituliza ile bembea mpaka sakafuni huo ujumbe usingesikika, ungepotea kwenye makelele. Mwaka 2010 kwa saa za namna hiyo waliinua moja juu kwa sentimita 33 tu, kimo cha kigoda, wakaona inakwenda kasi kidogo kuliko ya chini, kama Einstein alivyosema kwamba ukiwa juu muda unakwenda haraka. Kwa hiyo saa ya Newala kule juu uwandani inakwenda kasi kuliko ya Mtwara mjini, na bado watu wa Newala ndo wanaochelewa vikao.

Kompyuta za kwantamu nazo zimetoka humohumo, nyie mlizitaja kwenye aya ya mwisho kama uchawi. Wanafizikia Cirac na Zoller walitoa wazo 1995, kwamba ayoni zikiwa kwenye mstari mtego mmoja, ile bembea ya pamoja itumike kama waya wa kupelekeana habari, na mwaka huohuo Boulder wakaonyesha hatua ya kwanza kwa beriliamu moja. David Wineland wa hapo Boulder akapewa Nobel 2012 pamoja na Mfaransa Serge Haroche. Sitaingia zaidi, nafasi yenu najua ni ndogo, manake ukurasa uliobaki ulikuwa mkeka wa mechi.

Nisije nikaonewa, kuna mahali mwanga unakamata kweli. Arthur Ashkin alipata Nobel 2018 akiwa na miaka 96 kwa kushika vitu vidogo sana kwa leza, na siku hizi hata atomu zisizo na chaji zinashikwa hivyo. Kama mwandishi wenu alikuwa anazungumzia hizo basi angesema hizo, ila aliandika mtego wa umeme katika aya ya pili alafu aya ya tatu akasahau.

Picha sasa. Mwaka 2018 mwanafunzi wa Oxford anaitwa David Nadlinger alishinda mashindano ya picha za sayansi Uingereza, kapiga ayoni moja ya strontiamu kwa kamera ya kawaida ya dukani, aliiacha wazi muda mrefu kidogo tu. Unaona vyuma viwili vya mtego, nafasi kati yake kama milimita mbili, na katikati katone ka zambarau kamening'inia hakajashikwa na kitu. Ni mwanga wake unaouona, yenyewe ni ndogo mno kuliko kale katone, lakini ni atomu moja mhariri, kwa kamera ya harusi. Nilimwonyesha mama wa vitumbua kwenye simu akasogeza kidole kufuta kioo, alidhani ni uchafu.

Ninachoomba ni mrekebishe. Sio lazima ukurasa mzima, andikeni tu kwamba umeme unashika, leza inatuliza na kusoma, na inapoza, alafu mtafute ile picha muiweke badala ya kitochi. Mwandishi wenu akitaka kuja kuona gololi aje, baiskeli bado ninayo, kifuniko kilipasuka ila ndoo hazikosekani, nauli siwezi kumrudishia lakini ming'oko atakula mpaka aseme basi. Asije tu siku ya mnada. Na sasa hivi naona pikapu ya tatu inaingia getini na yule mzee wa mkono juu ya gunia kakaa nyuma, ngoja nikafute mzani vumbi.

Karani wa mizani,
Mtwara